Komfri (mabaki): jani la kupaka, si la kunywa. Tuelezane kabla maini ya watu hayajaharibika

#1 Mfamasia_Leipzig (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, habari za wakati huu.

Mimi ni mfamasia, nafanya kazi kwenye duka la dawa hapa Ujerumani. Miezi ya karibuni napokea ujumbe mwingi kutoka nyumbani, Kenya na Tanzania, watu wakiniomba niwatumie "yale majani ya Kizungu ya mifupa". Wengine hawaombi tena, wameshayapata na wanakunywa. Dada mmoja alinitumia picha ya jagi limejaa juisi ya kijani, akauliza kama anaweza kumpa na mtoto. Nikaona kujibu mmoja mmoja hakutoshi, tuliweke jambo hili hadharani.

Jani lenyewe ni komfri, kwa jina la kitaalamu Symphytum officinale. Huku linaitwa Beinwell. Kenya wengi mnalijua kama mabaki. Ni mmea wa Ulaya na Asia ya magharibi, unapenda kandokando ya mito na sehemu zenye unyevunyevu. Majani yake ni marefu, mapana, yana vinyweleo vigumu vinavyokwaruza mkono. Maua yananing'inia kama vikengele, ya zambarau au meupe. Mzizi ni mweusi kwa nje. Ukiukata, ndani ni mweupe na unatoa ute unaoteleza.

Sifa zake si za uongo, na hili naomba lieleweke mapema. Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya kwanza, aliuandika. Waingereza wa vijijini kwa karne nyingi walisaga mzizi, wakaupaka kama ubandiko juu ya mguu uliovunjika au kifundo kilichoteguka. Mwaka 1912 daktari wa Liverpool aitwaye Charles Macalister alichapisha maelezo kuhusu alantoini, kemikali iliyomo kwenye mzizi huo inayosaidia seli za ngozi kuzaliana. Alantoini hiyo hiyo, siku hizi ikitengenezwa kiwandani, imo kwenye krimu nyingi mnazopaka. Jani pia lina asidi ya rosmariniki inayopunguza uvimbe.

Na imepimwa kwa watu. Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani walichukua wagonjwa 164 walioteguka kifundo cha mguu, wengine wakapakwa marhamu ya mzizi wa komfri, wengine jeli ya diklofenaki, dawa ya kawaida ya kutuliza maumivu, kwa siku saba. Marhamu ya komfri haikushindwa. Mwaka 2007 ukatoka utafiti mwingine wa watu 220 wenye maumivu ya goti yatokanayo na kusagika kwa gegedu: wiki tatu za kupaka, na waliopaka komfri walipata nafuu kubwa kuliko waliopaka marhamu isiyo na dawa. Kwa hiyo mtu akikwambia komfri ni porojo za bibi kizee, mkatalie.

Tatizo linaanza pale jani linapoingia mdomoni.

Komfri ina kundi la kemikali linaloitwa alkaloidi za pirolizidini. Mmea unazitengeneza ili wadudu na wanyama wasiutafune. Zikiwa ndani ya jani hazina ukali mkubwa. Ukizimeza, zinafika kwenye ini, na enzaimu za ini ambazo kazi yake ni kusafisha sumu ndizo zinazozigeuza kuwa kitu kikali kinachonasa kwenye protini na vinasaba vya seli. Wa kwanza kuumia ni ukuta wa vile vishipa vidogo kabisa ndani ya ini. Vinavimba, vinaziba, na damu inayotoka tumboni inakosa pa kupita, kama maji kwenye mfereji uliojaa tope. Ini linavimba, maji yanajaa tumboni. Wengine hufikia ini kushindwa kabisa kufanya kazi.

Nawapa mifano iliyoandikwa na madaktari. Mwaka 1987 Uingereza waliripoti mvulana wa miaka 13 mwenye ugonjwa wa utumbo, aliyekuwa akipewa chai ya komfri. Vishipa vya ini vikaziba. Mwaka 1990 New Zealand wakaandika habari za kijana wa miaka 23 asiyekula nyama, aliyekuwa akila majani machanga ya komfri yaliyopikwa kwa mvuke kama mboga, majani manne matano kwa siku kwa wiki moja au mbili. Alikufa kwa ini. Hakunywa dawa ya mganga, hakuzidisha kitu chochote cha dukani. Alikula mboga ya bustanini.

Panya waliolishwa majani na mizizi ya komfri huko Japani walipata uvimbe wa saratani kwenye ini. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1978. Baada ya kesi hizi mamlaka zilianza kuchukua hatua. Ujerumani iliweka masharti mwaka 1992: kwa matumizi ya nje alkaloidi zisizidi mikrogramu 100 kwa siku, na kwa mwaka mzima mtu asitumie zaidi ya wiki sita. Marekani mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ilizitaka kampuni ziondoe komfri kwenye virutubisho vya kumeza.

Msimamo wangu basi ni mfupi: kupaka kwa muda mfupi kwenye ngozi isiyo na jeraha, sawa. Kunywa, kutafuna, kusaga juisi, kupika mboga, hapana. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasiguse hata kwa kupaka.

Karibuni tujadili. Mwenye hoja tofauti ailete, nitajibu kwa heshima.

#2 BabaJunior_Mbezi

Natia kambi hapa. Asante sana mkuu. Mke wangu alishaletewa unga wa haya majani kwenye kikundi chao cha akina mama, unauzwa kwa ajili ya presha, sukari, mgongo na uzazi. Magonjwa yote hayo, kijiko kimoja.

#3 Mkulima_Kinangop

Asante kwa uzi. Huku kwetu mabaki iko karibu kila boma. Ukipanda kipande cha mzizi hata kama udongo ni mbaya inaota, na ukiikata inarudi tena haraka kabla mvua haijaisha. Sungura wanaipenda sana, kuku na nguruwe pia tunawapa. Kuna wenye wanachanganya na mboga, na kuna wenye wanasaga juisi na kusema inaosha damu. Mimi swali langu ni mbili. Ya kwanza, hii yetu ni ile ile ya Ulaya? Ya pili, nikiichemsha sana si sumu inaisha, vile tunafanya na mihogo?

#4 MzeeWaMizizi

Mwanangu mfamasia, nimekusoma mpaka mwisho. Mimi nimefanya kazi ya mitishamba tangu ujana wangu na nimerithi kwa babu. Nina mambo ya kukuuliza.

Moja. Umesema mwenyewe Wazungu wameutumia mmea huu karibu miaka elfu mbili, na hawakuwa wanapaka tu, walikunywa pia kwa kifua na kwa kutapika damu. Kama ni sumu ya kuua, mbona hawakuisha?

Mbili. Panya anapewa kiasi gani? Hata chumvi ukimshindilia panya atakufa.

Tatu. Kila jani la bure likipata jina, zinatokea tafiti za kulipiga vita, halafu baada ya muda unalikuta kwenye tyubu linauzwa ghali. Sisi wenye majani tunaambiwa tuache.

Sikukatai, nataka majibu.

#5 Mfamasia_Leipzig

Mzee wangu, shikamoo. Maswali yako ni mazito na ndiyo niliyotaka yaulizwe. Niruhusu nianze na mkulima kisha nije kwako.

@Mkulima_Kinangop: inayopandwa sana na wakulima duniani si ile ya porini bali ni chotara, komfri ya Kirusi, Symphytum × uplandicum. Historia yake ni hii. Miaka ya 1870 Mwingereza Henry Doubleday wa Coggeshall, Essex, alikuwa anatafuta mmea wenye ute wa kutengenezea gundi ya stempu, akaagiza miche kutoka Urusi. Gundi haikupatikana, ila aliona jinsi majani yanavyotoka kwa wingi, akaanza kuyatangaza kama malisho. Miaka ya 1950 Lawrence Hills aliendeleza kazi hiyo huko Bocking, Essex hiyo hiyo, akachagua aina iliyojulikana kama Bocking 14, ambayo haizai mbegu na hupandwa kwa vipande vya mizizi. Kama yenu inasambaa kwa mizizi tu, huenda ni ndugu wa hiyo. Na si kwamba chotara ana nafuu: mara nyingi ana ekimidini, mojawapo ya zile alkaloidi tunazoziogopa.

Kuchemsha hakusaidii kama kwenye mihogo. Sumu ya muhogo ni sianidi, na ukimenya, ukaloweka na kuchemsha, nyingi inapotea na mvuke. Hizi za komfri zinavumilia moto wa jikoni. Ukichemsha, sehemu inahamia kwenye maji na nyingine inabaki kwenye jani. Anayekunywa supu anaipata, anayekula mboga naye anaipata. Kukausha na kusaga unga hakuziondoi pia. Na majani machanga laini, yale watu wanayachagua kwa mboga, ndiyo yenye nyingi kuliko majani yaliyokomaa.

Sasa mzee wangu.

La kwanza. Sumu hii haimwangushi mtu palepale. Mtu anaweza kunywa leo na kesho akaamka salama. Inajikusanyia madhara, na tumbo linapovimba miezi imepita, nani atakumbuka chai? Madaktari wenyewe walichelewa sana. Ugonjwa huu wa vishipa vya ini kuziba ulielezwa vizuri Jamaika mwaka 1954, na Bras, Jelliffe na Stuart, walipoona watoto wa familia maskini wanavimba matumbo baada ya kunyweshwa chai ya majani ya porini. Majani hayo yalikuwa ya mimea mingine yenye alkaloidi za kundi hili hili, mojawapo wa jenasi ya Crotalaria. Jelliffe huyo baadaye alikuja kufundisha tiba ya watoto Makerere, Uganda. Kwa karne zote kabla ya hapo watu waliugua wakazikwa, ikasemwa ni ini, ni pombe, ni mkosi. Kwamba watu hawakuisha haina maana hakuna waliokufa.

La pili. Ni kweli panya alilishwa kiasi kikubwa, na mimi kwa panya peke yake nisingefungua uzi. Lakini yule kijana wa New Zealand alikula majani ya kawaida. Tatizo la kipimo ni kubwa kuliko unavyodhani: mmea mmoja na jirani yake havilingani, jani la mwanzo wa msimu na la mwisho havilingani, na mzizi una alkaloidi nyingi zaidi ya jani. Mimi nikiwa na mizani ya duka la dawa siwezi kukuambia kikombe chako kina kiasi gani. Mganga atajuaje?

La tatu. Hapa nakuunga mkono kwa nusu. Hakuna aliyepiga marufuku komfri ya kupaka, na wala hailindwi na kampuni moja. Mtu anaweza kupanda akajitengenezea ubandiko nyumbani. Zile za dukani zina tofauti moja ya maana: watengenezaji wanatumia aina za mmea zenye alkaloidi kidogo, au wanaziondoa kiwandani, na wanapima kila toleo. Ndiyo unayolipia.

#6 BintiUsambara

Dada Mfamasia, nimesoma nikaanza kutetemeka. Mama mkwe wangu yuko Lushoto, ana miaka 67, magoti yanamsumbua. Kuna ndugu yake alimletea vipande vya mizizi kutoka Kenya, akavipanda, na tangu kabla ya masika anasaga majani na tangawizi anakunywa asubuhi kikombe. Anasema magoti yamelegea na mimi ndiye niliyekuwa namsifia. Anatumia pia dawa za presha na panadoli karibu kila siku. Nifanye nini? Na nitamwambiaje bila aonekane anadharauliwa?

#7 Mfamasia_Leipzig

Pole dada, tulia kwanza. Wengi waliokunywa hawajapata ugonjwa huo, na kuacha leo ni faida kubwa. Fanyeni hivi.

Aache kunywa, si kupunguza. Hakuna madhara ya kuacha ghafla.

Aende hospitali akapimwe ini: ALT, AST na bilirubini, na kama inawezekana ultrasaundi ya tumbo, ikiwa na Dopla ndiyo bora zaidi kwa sababu inaonyesha damu inavyopita kwenye ini. Amwambie daktari waziwazi amekunywa jani gani na kwa muda gani. Mpelekeeni jani lenyewe au picha, maana jina "mabaki" halimsaidii daktari. Aombe pia kipimo cha homa ya ini B.

Panadoli apunguze mpaka majibu yatoke, aulize daktari ni kiasi gani kinamfaa. Dawa za presha asiache.

Mkiona tumbo linajaa, uzito unapanda ghafla, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, macho kuwa ya njano au mkojo mweusi kama kahawa, hapo ni dharura, msisubiri tarehe ya kliniki.

Kuhusu kumwambia: mwambie mmea wake ni mzuri, ila mahali pake ni juu ya goti. Huo ndio ukweli wenyewe, na hautamvunjia heshima. Mzee anayejali magoti yake mpaka akajipandia dawa ana haki ya kupewa njia nyingine ya kupunguza maumivu, si kukatazwa tu.

#8 Tabibu_Mkoani

Naomba niongezee kwa upande wa wodini. Mgonjwa akija na maji tumboni kwetu, akili inakimbilia homa ya ini B, pombe, kichocho, TB ya tumbo, moyo. Ni sahihi, hayo ndiyo mengi. Lakini swali la mitishamba tunaliuliza vibaya. Tunauliza kwa ukali, "Umekunywa dawa za kienyeji?", na mgonjwa anajua jibu linalotakiwa, anasema hapana. Mimi siku hizi nauliza, "Nyumbani mnatumia majani gani kwa chai au kwa afya?" Hapo ndipo habari zinatoka.

Alkaloidi hizi haziko kwenye komfri tu, ziko kwenye maelfu ya mimea duniani. Afghanistan miaka ya 1970, eneo la Herat, watu wengi waliugua na kufa baada ya mbegu za gugu la Heliotropium kuchanganyika na ngano. Karibu zaidi na sisi, kaskazini-magharibi mwa Tigray, Ethiopia, miaka ya 2000 vijiji vilipata ugonjwa wa ini usiojulikana, watu wazima na watoto wakivimba matumbo. Uchunguzi ulikuja kuuhusisha na alkaloidi za magugu yaliyoingia kwenye nafaka, likiwemo Ageratum, gugu lenye vichwa vya maua ya zambarau hafifu ambalo hata mashambani kwetu limejaa. Watu wale hawakunywa dawa yoyote. Walikula chakula chao cha kila siku.

Na wagonjwa wa TB mnisikilize. Dawa zenu zenyewe zinalipa ini kazi kubwa. Mtu anayemeza dawa za TB halafu anakunywa juisi ya komfri anajitafutia kifo. Wanaotumia fenobabito kwa kifafa vilevile, kwa sababu inaziamsha enzaimu za ini, na enzaimu zikichangamka sumu hii inatengenezwa kwa wingi.

Dawa mahususi ya kuizima sumu hii ikishafanya kazi hakuna. Tunahudumia dalili na kuomba ini lijirudishe lenyewe.

#9 Mdau_Leeds

Kwa ndugu mlioko Ulaya kama mimi, kuna hatari nyingine. Watu wanakwenda kuchuma komfri porini au kwenye bustani za mtaa. Kabla ya kutoa maua, jani la komfri linafanana sana na la Digitalis. Digitalis ni mmea wa sumu ya moyo, ndiko inakotoka digoksini, dawa ya moyo ya hospitali. Kuna watu wameishia hospitali kwa kuchemsha chai ya jani hilo wakidhani ni komfri: wanatapika, moyo unapiga polepole au unarukaruka, wengine wanaona vitu vyote vina rangi ya njano au kijani.

Shika jani. La komfri linakwaruza, vinyweleo ni vigumu, na ukingo wake umenyooka hauna meno. La Digitalis ni laini, lina manyoya kama blanketi, na ukingo una vijimeno vidogo. Kama hujawahi kuushika mmoja wao mkononi na mtu anayeujua pembeni yako, usichume.

#10 MamaTatu_Muscat

Mimi nauliza kuhusu kupaka. Nilinunua marhamu ya komfri mtandaoni, naona imeandikwa ni ya asili asilimia mia, hakuna maelezo mengine. Naweza kumpaka mwanangu wa miaka miwili aliyeanguka akachubuka goti? Na mimi mwenyewe nanyonyesha, mgongo unaniuma.

#11 Mfamasia_Leipzig

Dada, kwa wote wawili jibu ni hapana.

Mtoto amechubuka, ngozi imefunguka. Ngozi nzima inapitisha alkaloidi kidogo sana, ngozi iliyochubuka inapitisha zaidi, na ini la mtoto linaumia haraka kuliko la mtu mzima. Wale watoto wa Jamaika wanatosha kutufundisha. Mwoshe goti kwa maji safi na sabuni, funika, basi. Na wewe unanyonyesha, alkaloidi hizi hupita kwenye maziwa. Kwa mgongo tumia joto, mazoezi mepesi, na umwone mtaalamu wa viungo kama unaendelea kuuma.

Marhamu ya komfri ukiinunua, geuza boksi usome. Iseme imetengenezwa na sehemu gani ya mmea, iseme alkaloidi za pirolizidini zimeondolewa au kiasi chake cha juu ni kipi, iseme ni kwa ngozi isiyo na jeraha, na iwe na namba ya usajili wa dawa. Hiyo yako haina hata kimoja, mimi nisingeipaka.

Anayejitengenezea ubandiko nyumbani na ni mtu mzima mwenye afya: tumia majani makubwa yaliyokomaa badala ya mzizi, ponda, weka kitambaa katikati ya ngozi na majani ili vinyweleo visikukere, acha kwa saa chache, na isizidi siku kumi. Kama mguu umevimba na huwezi kukanyaga kabisa, piga picha ya eksirei kwanza. Komfri haiungi mfupa uliopishana, na wanaokwenda kwa waganga wa mifupa na ubandiko peke yake wanarudi kwetu mguu umepinda.

#12 MzeeWaMizizi

Nimeridhika na jibu la pili, lile la kipimo. Sisi wenyewe tunajua mti wa bondeni na wa mlimani havina nguvu sawa, na ndiyo maana babu alikuwa akichuma mahali pamoja tu. Huu mmea sikuurithi, umekuja na watu wa mbegu, na waliokuja nao hawakuja na miiko yake. Naongeza jambo ambalo wazee wa kazi wanalijua kwa dawa zote zinazofunga kidonda haraka: usiweke juu ya kidonda kirefu au chenye usaha. Ngozi itafunga juu, uchafu utabaki chini, na utatumbuka upya ukiwa mbaya kuliko mwanzo. Kijana wa hospitali atanisahihisha.

#13 Tabibu_Mkoani

Sina cha kusahihisha mzee, ni kweli kabisa. Hilo nimeliona kwa macho, kidonda kimefunga vizuri juu na mguu mzima umewaka moto kwa usaha.

#14 BintiUsambara

Wapendwa, nimerudi kuwapa mrejesho. Mama alipelekwa hospitali ya wilaya. Vipimo vya ini vimepanda kidogo, ultrasaundi haikuonyesha maji tumboni. Daktari amemwambia arudi baada ya mwezi, na dawa za maumivu amempangia nyingine. Alikuwa mkali mwanzoni, akaniambia nimeisoma wapi. Nikampigia Mzee wa Mizizi kwa namba aliyonipa faragha, wakaongea wenyewe wazee kwa wazee, yakaisha. Sasa anafunga majani gotini usiku na kitambaa, kwa masharti ya dada Mfamasia. Shamba hataki kung'oa, anauliza liwe la kazi gani.

#15 Mkulima_Kinangop

Hata mimi nauliza hivyo hivyo. Nina safu nzima kando ya mtaro. Mifugo je?

#16 Mfamasia_Leipzig

Kwa mifugo: nguruwe usimpe, yeye ni mwepesi sana kudhurika. Ng'ombe, farasi na kuku nao wanaumia wakilishwa kwa muda mrefu. Mbuzi na kondoo wanahimili zaidi kwa sababu ya vijidudu vya matumbo yao, na sungura pia ni mgumu, lakini hata hao lisiwe ndilo lishe lao kuu. Kumbuka pia kiasi fulani hupita kwenye maziwa na mayai, kwa hiyo kuku wa mayai wa watoto wako usiwape.

#17 Mdau_Leeds

Kazi ya shamba ndiyo inayowafanya Waingereza waendelee kuipanda. Mizizi inakwenda chini sana na majani yanakusanya potasiamu nyingi. Vaa glovu, kata majani yote kabla hayajatoa maua, jaza ndoo, gandamiza kwa jiwe, mimina maji, funika vizuri. Baada ya wiki tatu mpaka tano inakuwa uji mweusi unaonuka vibaya sana, kwa hiyo weka mbali na dirisha la jikoni. Chuja, changanya sehemu moja na kumi za maji, mwagilia nyanya, pilipili hoho na migomba kwenye udongo. Usinyunyizie kwenye majani ya mboga mnazokula. Masalia ya kwenye ndoo yatupe kwenye lundo la mboji. Ndoo hiyo iandike kabisa kwa kalamu ya rangi, isije ikatumika kwa maji ya kunywa.